Kopo la jero: shajara ya mradi wa pombe na bangi, Dodoma 2024

Jumatatu, 8 Januari

Mvua za mwaka huu hazina adabu. Barabara ya Hombolo ni tope tupu, hata bodaboda wanaizunguka, na ndiyo leo tumekamilisha vibali. Cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, tulikuwa nacho tangu mwaka jana. Kilichobaki ilikuwa kupanda ngazi ya kawaida: TAMISEMI, Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Jiji, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa. Kila ofisi inataka kuona muhuri wa ofisi iliyotangulia kabla haijagonga wa kwake. Barua yetu sasa ina mihuri mingi kuliko maneno.

Kwa atakayesoma hapa bila kujua tulikotoka: mradi unataka kujua watu wazima wa Dodoma wanakunywa pombe kiasi gani na wanavuta bangi kiasi gani, ili wanaoandika sera wawe na namba za hapa badala ya kuazima. Ndivyo andiko linavyosema. Nimelisoma mara nyingi mpaka neno "kiasi" limeanza kunikera.

Jumanne, 23 Januari

Mafunzo ya wadodosaji, siku ya pili. Tunatumia AUDIT, lile dodoso la Shirika la Afya Duniani lenye maswali kumi na alama kuanzia 0 hadi 40. Ukifika 8 unahesabiwa kuwa unakunywa kwa namna ya hatari. Tafsiri ya Kiswahili ipo, kuna wenzetu wa Moshi walioishughulikia, kwa hiyo hatukuanza na karatasi tupu.

Swali la kwanza lilipita bila shida: unakunywa mara ngapi. La pili likatukwamisha asubuhi nzima: siku unapokunywa, unakunywa vinywaji vingapi? "Kinywaji" kimoja kwenye dodoso ni gramu 10 za kilevi halisi. Nikaandika ubaoni. Bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi, yaani karibu gramu 20. Kwa hiyo chupa moja mezani ni vinywaji viwili kwenye karatasi. Glasi ya mvinyo ya mililita 150, asilimia 12, ni gramu 14. Kile kiroba cha zamani, kimfuko cha plastiki cha pombe kali, cha mililita 100 chenye asilimia 35 kilikuwa karibu gramu 28, yaani mtu akikimaliza kwa mkupuo mmoja kituo cha daladala alikuwa amekunywa vinywaji karibu vitatu kabla gari halijajaa.

Wadodosaji wakafurahia hesabu. Kisha kijana mmoja wa Mvumi, ambaye siku zote anaongea mwisho, akauliza: "Na ujimbi?"

Ujimbi ndiyo pombe yetu ya kienyeji ya nafaka. Nikasema tutaupima. Kusema ni rahisi.

Alhamisi, 1 Februari

Kilabu cha kwanza, nje ya mji, upande wa Chamwino. Tumefika saa tano asubuhi, watu wamekwishakaa kwenye magogo chini ya mkuyu. Mwenye pombe ni bibi mmoja mwembamba, kanga kiunoni, macho yako kwenye kopo na kwenye mikono ya wateja kwa wakati mmoja.

"Mbukwenyi," nikasalimia wote. Kisha nikamgeukia yeye: "Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunywa au kuandika?"

"Kuandika, bibi."

"Haya, kaa. Wa kuandika nao wanakaa."

Amenieleza kazi yake tangu kuloweka uwele uote, kuanika kimea, kusaga, kupika, kuacha upoe, kuchanganya tena, hadi siku ya kuchuja. Najua hatua zote hizo. Nimekulia Kongwa, na ada yangu ya kidato cha kwanza ilitoka kwenye mtungi wa bibi yangu mzaa mama. Sikumwambia. Mtafiti akianza kusimulia ya kwake, anayehojiwa anaishia kumfariji.

Swali la pili la AUDIT lilikufa hapo hapo. Nilimuuliza mzee mmoja anakunywa makopo mangapi kwa siku. Akanitazama kwa huruma. Kopo ni moja, linazunguka. Anakunywa yeye, anampa wa kulia kwake, linarudi likiwa nusu, anaongezewa. "Inategemea nani amekaa kulia kwangu," akasema. "Leo kakaa huyu, nitalala na kiu."

Nikajaribu njia nyingine: mzee, kwa kawaida unakunywa ya kiasi gani? Hapo akajibu bila kufikiri. "Ya buku. Siku mbaya, ya jero."

Kila mtu aliyefuata alijibu hivyo. Ya jero. Ya buku. Ya buku mbili siku mazao yameuzwa. Jero ni mia tano, buku ni elfu moja. Hapa watu wanapima pombe kwa shilingi.

Jumatatu, 5 Februari

Tumebadilisha dodoso. Sasa tunauliza: jana ulikunywa ya shilingi ngapi, wapi, na kwenye chombo gani? Kazi ya kugeuza shilingi kuwa gramu ni yetu, si ya mnywaji. Kwa kila kilabu tutapima ujazo wa kopo kwa silinda ya maabara, tutachukua sampuli ya pombe, tutajua ina kilevi kiasi gani. Jero ya kilabu hiki itakuwa gramu kadhaa, jero ya kilabu kile gramu kadhaa. Kamati ya maadili inabidi ipate taarifa ya marekebisho. Muhuri mwingine.

Jumanne, 20 Februari

Siku ya aibu. Chupa mbili za sampuli zimepasuka kwenye boksi la bodaboda njiani kuja maabara. Pombe ya kienyeji haijui kwamba imechukuliwa kwa ajili ya utafiti, inaendelea kuchachuka tu, gesi inajaa, na sisi tulizifunga kwa kukaza kana kwamba ni maji ya kunywa. Dereva ameloa mgongo mzima. Amesema mkewe hatamwamini, na kwa harufu ile hata mimi nisingemwamini. Tumempa hela ya kufulia na barua yenye muhuri wa chuo. Barua ameipenda zaidi.

Somo: kifuniko kisikazwe, sampuli ikae kwenye barafu tangu kilabuni, ifike maabara siku ile ile.

Ya pili ilikuwa haidromita. Mmoja wetu aliitumbukiza kwenye ujimbi moja kwa moja akasoma namba, akaandika asilimia. Namba ile haina maana yoyote. Haidromita inasoma uzito wa kimiminika tu. Sukari inaupandisha, kilevi kinaushusha, na ujimbi una vyote viwili pamoja na unga unaoelea. Wenye viwanda huweza kuitumia kwa sababu walisoma uzito kabla ya kuchachuka, na bibi wa Chamwino hana kumbukumbu ya namna hiyo.

Njia ya uhakika ni kukeneka. Unachukua mililita 100 za pombe, unachemsha, mvuke unapita kwenye bomba lililopozwa, unakusanya kinachodondoka, unaongeza maji safi mpaka zifike tena mililita 100, unapoza hadi nyuzi 20, ndipo unapima. Sukari na unga vinabaki chini, kilevi kiko chote juu. Fundi sanifu wa maabara aliangalia mitambo ikidondosha matone akasema kwa sauti ya chini: "Mama, hii si gongo?"

Ni gongo. Sheria ya moshi, jina jingine la gongo, ni ya mwaka 1966 na wanawake wanakamatwa kila siku kwa kufanya hiki hiki kwa sufuria na bomba la shaba. Sisi tuna bomba la kioo na muhuri. Kuna jambo hapo la kufikiria, lakini leo nimechoka.

Ijumaa, 1 Machi

Leo ni miaka saba tangu viroba vipigwe marufuku. Waziri Mkuu Majaliwa alitangaza Mirerani katikati ya Februari 2017, na marufuku ikaanza Machi mosi. Wiki mbili tu. Wenye maghala walilia, wazazi walishangilia.

Nilikuwa bado mwanafunzi, nikaandika insha ya kuipongeza. Leo nimeisoma tena. Msimamo haujabadilika: kiroba kilikuwa kinaingia kwenye soksi ya mwanafunzi, kilikuwa rahisi, na ilikuwa sawa kukiondoa. Ila nilikuwa sijaona jambo moja. Marufuku ile ilipita mlango wa mazingira, kwa sababu ya plastiki. Iligusa mfuko, kilevi kilichokuwa ndani hakikuguswa. Pombe kali ikahamia kwenye vichupa vidogo, na muuzaji wa pembeni akajifunza kufungua chupa kubwa na kuuza "toti" kwenye kifuniko. Toti ina mililita ngapi? Tumepima vifuniko vya wauzaji wa Majengo na Sabasaba. Kila mmoja ana chake.

Jumanne, 2 Aprili

Simu haijapumzika tangu jana. Kila kijana tuliyewahi kumhoji Chang'ombe amepata namba yangu. "Dada, Ujerumani wameruhusu!"

Wameruhusu, kwa masharti. Kuanzia tarehe 1 Aprili mtu mzima kule anaruhusiwa kutembea na gramu 25, kukaa na gramu 50 nyumbani na kuotesha miche mitatu. Niliwaeleza vijana kwamba hapa sheria ni ile ya mwaka 2015, bangi ni dawa ya kulevya sawa na mirungi, na adhabu inapanda kwa uzito uliokamatwa nao. Mmoja akauliza gramu 25 ni misokoto mingapi. Nikakosa jibu.

Sheria ya Ujerumani na ya kwetu zinapingana karibu kwa kila kitu, lakini zote mbili zinashika mizani. Uzito. Mahakamani kwetu kifurushi kinapimwa, Mkemia Mkuu wa Serikali anathibitisha kwamba ni bangi, hesabu inaanza. Vikonyo, mbegu na unyevu vyote vinapimwa. Kinacholewesha ni THC, kemikali iliyo ndani ya bangi, na kilo ya majani makavu ya porini si sawa na kilo ya ile kali wanayoiita skanka. Kwa afya ya mtu, tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Na bado watu wa sera kote duniani wanabishana juu ya kuruhusu na kukataza. Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliiondoa bangi kwenye Jedwali la IV, lile la dawa zinazobanwa zaidi, la mkataba wa 1961 wa dawa hizo, kwa kura 27 dhidi ya 25. Kwa hiyo kitu kimoja kikawagawa mabalozi karibu nusu kwa nusu. Sishangai vijana wa Chang'ombe kuchanganyikiwa.

Alhamisi, 18 Aprili

Kwenye pombe watu wanasema mpaka tunawaomba wanyamaze. Kwenye bangi mdomo unafungwa, na wana haki. Hatuandiki majina, lakini wao watajuaje? Kwa hiyo tunajaribu njia ya orodha. Kundi la kwanza linasomewa mambo manne ya kawaida: mwezi huu nimesafiri nje ya mkoa, nimekula nyama, nimekopa hela, nimeenda msibani. Mtu anasema idadi tu, haelezi ni yapi. Kundi la pili linasomewa hayo manne pamoja na la tano: nimevuta bangi. Tuseme kundi la kwanza wastani ni 2.1 na la pili 2.3, tofauti ya 0.2 ni watu 20 katika kila 100, na hakuna hata mmoja aliyekiri kitu.

Kwenye karatasi ni njia nzuri sana. Mtaani, kijana wa kwanza alijibu hivi: "La kwanza ndiyo, la pili ndiyo, la tatu ndiyo, la nne hapana. La tano, dada, kila siku."

Mdodosaji alikosa la kuandika. Tumeamua kutumia punje za mahindi. Mtu anapewa tano, anaweka mikono nyuma, kila jambo lililomhusu anahamisha punje kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, mwisho anasema ziko ngapi. Wazee wameipenda kuliko vijana. Wanasema inafanana na bao.

Jumatano, 15 Mei

Kuhusu gramu za msokoto. Hatuwezi kushika bangi, hatuna kibali na sikiombi. Watafiti wa nchi nyingine wamewahi kuwapa wavutaji majani mengine makavu wasokote kama wanavyosokota siku zote, kisha wakayapima. Tukatafuta majani yanayofanana, yasiyo na kosa. Jibu lilikuwa Majengo sokoni, kwenye meza za akina mama: mlenda mkavu, ule ambao haujatwangwa.

Kamati ya maadili ilitusaidia kwa jambo ambalo sikuliona. Mimi nilitaka kuanza na vijana wa soba hausi, nyumba za waraibu wanaojaribu kuacha, kwa kuwa wanazungumza wazi. Wakanirudisha: mtu anayejinasua hupewi ruhusa ya kumkalisha mbele ya karatasi na majani umwambie sokota. Mikono ina kumbukumbu. Walikuwa sahihi, nami niliona haya.

Basi leo tumekaa kwenye chumba cha kupanga, mizani ya kidigitali mezani, vijana wanane wanasokota mlenda. Dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Nusu saa haikuisha, mgambo wawili wakasimama mlangoni. Jirani ametoa taarifa kwamba "wasomi wanafungisha mzigo".

Nikatoa barua. Mihuri yote ile, hawakuigusa. Akaitwa mwenyekiti wa mtaa. Mzee akaingia, akachukua jani moja, akalinusa, akaliweka ulimini, akatafuna taratibu huku sote tumesimama. "Huu mlenda," akatoa hukumu. Akauliza tumenunua sado shilingi ngapi. Nilipomwambia, akatikisa kichwa. "Wamekuona mgeni."

Tulichokipata: misokoto ya mtu yule yule inafanana sana kwa uzito, ya watu wawili haifanani hata kidogo. Na wote walirudia jambo moja ambalo hatukuuliza. Kete, kile kifurushi kidogo cha bangi, mtaani ni bei ile ile mwaka mzima. Polisi wakikaza, bei haipandi, kete inakonda.

Nimelala nikiwaza hiyo kete inayokonda. Niliwahi kuliona jambo hili mahali.

Ijumaa, 17 Mei

Nimekumbuka nilipoliona: kwenye daftari la maabara. Kuna kilabu tulichopima Februari na tena Aprili. Kopo lile lile, jero ile ile, na pombe ya Aprili ilikuwa nyepesi waziwazi. Mwenye kilabu alipoulizwa hakuficha: akiba ya nafaka ilikuwa inaisha kabla ya mavuno, akaongeza maji. Apandishe bei? "Watu wana jero, mwanangu. Nikisema mia sita watatoa wapi hiyo mia?"

Kwa hiyo kwenye biashara hii sarafu haisogei. Kinachosogea ni kipimo. Nimeandika sentensi hiyo juu ya ubao wa ofisi na nimekataza isifutwe.

Inaharibu mambo mengi mazuri. Uskoti waliweka bei ya chini kwa kila kipimo cha kilevi mwaka 2018, peni 50, na tathmini yao ya mwaka jana ilikadiria kwamba vifo vinavyotokana moja kwa moja na pombe vilikuwa pungufu kwa asilimia 13.4 kuliko ambavyo vingekuwa. Nawaamini. Lakini sera ile inasimama juu ya lebo: chupa inasema ina nini, na duka lina risiti. Huku bei ikibanwa, kopo la bibi litabonyea upande mmoja au pombe itapata maji. Inaweza hata kuwa jambo jema kwa ini la mteja. Au muuzaji ataongeza kitu kikali ili mteja asilalamike. Vyote viwili vinawezekana na vina matokeo kinyume.

Alhamisi, 13 Juni

Bajeti. Leo jiji zima liko bungeni au kwenye redio. Nimemsikiliza Waziri wa Fedha nikiwa na kalamu, nikingoja ushuru wa bidhaa.

Dodoma ukitaka kuzungumzia ushuru wa vileo lazima uzungumzie zabibu. Mvinyo wenye zabibu za nchini kwa zaidi ya asilimia 75 umekuwa ukitozwa ushuru mdogo sana ukilinganisha na wa kutoka nje, na kuna sababu ya haki: mkulima wa Hombolo au Mpunguzi anavuna mara mbili kwa mwaka, zabibu haisubiri, kiwanda kikikosa soko zinaoza shambani. Shemeji yangu ana nusu eka ya ile Makutupora nyekundu. Pasaka aliniuliza mbele ya watu wote: "Shemeji, huo utafiti wako ndio unataka kutufilisi?"

Nilimjibu kwamba ini halisomi cheti cha asili. Gramu 10 za kilevi cha Hombolo ni gramu 10. Januari mwaka jana Shirika la Afya Duniani lilisema wazi hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Akaniongezea wali bila kusema neno. Sikusema la maana zaidi, ambalo ni kwamba ningependa zabibu zile ziuzwe kama zabibu, juisi, zabibu kavu, na kwamba sijui nani atanunua zote hizo Agosti.

Jumatano, 26 Juni

Siku ya Kimataifa ya Kupiga Vita Dawa za Kulevya, na jana imetoka ripoti mpya ya Shirika la Afya Duniani: vifo milioni 2.6 vilivyosababishwa na pombe mwaka 2019, milioni 2 kati yake wanaume. Dawa za kulevya vifo laki 6. Pombe imezidi mara nne na zaidi. Mabango ya leo mjini yote yanahusu dawa za kulevya.

Mchana, ofisi moja iliniita. Mwenye ofisi alikuwa na adabu, akaagiza chai. Kisha akaomba orodha: mitaa gani, na ikiwezekana nyumba gani, wanavuta. "Tunajenga nchi moja, dokta." Nikamwambia hatuna majina. Akacheka kama mtu aliyesikia uongo mzuri. Hatuna kweli. Tuna idadi ya punje za mahindi. Chai sikuimaliza.

Niliporudi nilipitia Itega, kituo cha waraibu kilicho chini ya Mirembe. Hospitali ile ipo tangu 1927 na watu wa Dodoma bado wanataja jina lake kama tusi, "utapelekwa Mirembe". Wanaume watatu nilioongea nao waliletwa na ndugu kwa sababu ya pombe. Wote walikuja wakiwa wamechelewa sana, kwa sababu pombe haikuwa "dawa za kulevya", ilikuwa tabia.

Jumamosi, 20 Julai

Shilingi nayo imetukimbia.

Uwele umevunwa, ni msimu wa jando na harusi, na pombe iko kila boma. Tumeuliza: jana ulikunywa ya shilingi ngapi? Sifuri. Ulilewa? Sana. Kulikuwa na pombe ya kazi kwa waliosaidia kupura, pombe ya wazee, pombe ya wakwe. Kutoza hela hapo ni matusi. Dodoso letu tulilolijengea fahari tangu Februari linasema watu hawa hawakunywa kitu.

Kwa wiki mbili hizi tumerudi kwenye chombo na muda: ulianza jua likiwa wapi, ukamaliza likiwa wapi, mlikuwa wangapi kwenye mtungi, mtungi uliisha? Unagawanya. Ni hesabu chafu lakini si sifuri. Tumetengeneza kadi za picha: mtungi, ndoo, kibuyu, kata, kopo, kila kimoja na ujazo wake nyuma.

Bodaboda anayetubeba, yule aliyelowa Februari, ameuliza sheria inamruhusu anywe kiasi gani. Kwa dereva wa kawaida, miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, nikamjibu. Akauliza hiyo ni ya shilingi ngapi. Nimemkodolea macho kwa furaha. Amejifunza kuliko wanafunzi wangu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nanenane, Nzuguni. Wageni wengi zaidi ya kawaida, treni ya SGR imezinduliwa wiki iliyopita na kila mtu wa Dar anataka kuijaribu. Kwenye mabanda ya mvinyo unaonjeshwa bure kwenye vikombe vya plastiki. Nimevikusanya vikombe tupu vitatu kutoka mabanda matatu nikaviweka kwenye mkoba. Nitavipima.

Kampuni moja ya vinywaji imejitolea kugharamia mkutano wetu wa kurudisha matokeo: ukumbi, chakula, fulana. Nimeandika asante hapana. Msaidizi wangu alikuwa amekwishachagua rangi ya fulana.

Jumanne, 17 Septemba

Matokeo ya awali yameanza kurudishwa vilabuni. Nimemwambia mwenye mradi kwamba kabla ya kuiambia Wizara lolote kuhusu bei au gramu, tutawapa kadi za vyombo na jedwali la jero, mtaa kwa mtaa, msimu kwa msimu, na kwamba litahitaji kupimwa upya. Hakufurahi. Alitaka namba moja.

Chamwino, chini ya mkuyu ule ule. Bibi alishika kadi yenye picha ya kopo lake, akaigeuza, akaona mstari na namba za ujazo, akacheka mpaka akakaa.

"Hili nimeliacha, mwanangu. Uwele wangu umekwisha, sasa nanunua sokoni." Akaingia ndani, akatoka na kopo jingine. Lilikuwa limekonda kwa vidole viwili hivi.

"Na hili bei gani, bibi?"

"Jero. Ingekuwa ngapi?"

Nikamwambia kijana wa Mvumi alete silinda na maji.